Gunpei Yokoi: Fundi aliyegeuza kioo cha kikokotoo kuwa mchezo wa dunia nzima

Mfanyabiashara anayevuka mpaka haachani na kikokotoo. Kiko kaunta, kiko mkobani, kiko mkononi anapobadili shilingi za upande huu kuwa faranga za upande ule. Kioo chake ni kilekile cha kijivu chenye tarakimu nyeusi, na betri yake hukaa miezi mingi. Wachache wanajua kwamba kioo hicho, pamoja na vita vya bei vilivyokishusha hadi kikawa cha bei ya kutupa, ndicho kilichoifungulia njia michezo ya video ya mkononi iliyoenea duniani kote. Aliyeona uhusiano huo alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha karata nchini Japani. Jina lake Gunpei Yokoi.

Yokoi alifariki mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 56. Hadi leo vifaa alivyobuni vinanunuliwa, vinafunguliwa, vinabadilishwa vioo na kuchezwa na watu ambao wengine walizaliwa baada ya kifo chake. Wapo wanaovikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu na sarafu za zamani. Maisha yake yanamfaa mtu wa biashara kwa sababu alitajirisha kampuni kwa vitu ambavyo wenzake walikwisha kuviona vimepitwa na wakati. Na siku alipokosea, alikosea kwa namna ambayo yeyote aliyewahi kudodewa na mzigo ataielewa.

KIJANA WA KYOTO KATIKA KIWANDA CHA KARATA

Yokoi alizaliwa Kyoto, mji mkuu wa zamani wa Japani, tarehe 10 Septemba 1941. Alisomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Doshisha kilichopo mji huohuo. Mwaka 1965 aliajiriwa na kampuni ya Nintendo, ambayo wakati huo haikuwa na habari yoyote na michezo ya video. Ilianzishwa mwaka 1889 na Fusajiro Yamauchi ili kutengeneza hanafuda, karata za Kijapani zenye picha za maua. Kazi ya Yokoi ilikuwa kukagua na kurekebisha mitambo iliyotengeneza karata hizo.

Aliyeongoza kampuni alikuwa Hiroshi Yamauchi, kitukuu cha mwanzilishi, mtu mkali aliyeshika usukani tangu mwaka 1949. Soko la karata lilikuwa limefika ukomo. Yamauchi alijaribu biashara ya teksi, akajaribu hata wali wa kuiva papo hapo, lakini hakupata alichokuwa akitafuta.

Kazi ya kukagua mitambo ilimwachia Yokoi muda mwingi wa bure. Katika muda huo alijitengenezea kitu cha kujifurahisha: mkono wa vipande vilivyopishana kama mikasi, ambao ukiubana huku unarefuka kule na kushika kitu. Yamauchi alimwona nacho. Badala ya kumkaripia kwa kuchezea muda wa kampuni, alimwagiza akigeuze kuwa bidhaa ya msimu wa sikukuu. Kilitoka mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand na kikauza zaidi ya vipande milioni moja. Kuanzia hapo Yokoi akawa mbunifu wa vichezeo.

Mwaka 1969 alitoa Love Tester, kifaa cha wavulana na wasichana. Wawili wanashikana mikono, kila mmoja anashika waya kwa mkono uliobaki, na mshale unaonyesha kiasi cha mapenzi yao. Kwa kweli ndani yake palikuwa na kipimo cha kawaida cha mkondo wa umeme, kile ambacho fundi yeyote wa redio alikuwa nacho mezani. Hakukuwa na uvumbuzi wa kisayansi hata kidogo. Upya ulikuwa katika matumizi.

Hiyo ndiyo kanuni aliyoifuata maisha yake yote. Yokoi aliamini kwamba mbunifu hana haja ya kukimbilia teknolojia mpya kabisa, kwa kuwa ni ghali na kasoro zake bado hazijajulikana. Ni afadhali achukue ile iliyokwisha kukomaa, inayopatikana kila mahali na iliyoshuka bei, kisha aitafutie kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifikiria.

Haikuwa faida tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitumia seli za mwanga wa jua kutoka kampuni ya Sharp kutengeneza bunduki za kuchezea ambazo shabaha yake hupokea mwanga badala ya risasi. Zilipendwa. Nintendo ikapanua wazo hilo na kuweka viwanja vya kulenga shabaha mahali palipokuwa na kumbi za kuviringisha tufe. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani, wateja wakafuta oda zao, na kampuni ikabaki na madeni makubwa.

ABIRIA ALIYEKUWA AKICHEZEA KIKOKOTOO

Mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwa safarini ndani ya Shinkansen, treni ya mwendo kasi ya Japani, Yokoi alimwona mtu wa ofisini aliyechoka kukaa. Mtu huyo alikuwa akibonyeza vitufe vya kikokotoo bila hesabu yoyote, kupitisha wakati tu. Yokoi akawaza kwamba mtu mzima hawezi kutoa kichezeo mbele ya abiria wenzake. Lakini kingekuwepo kitu chembamba, kidogo kama kikokotoo, kinachoshikika mapajani bila kuonekana, angecheza.

Wazo hilo lingeweza kuishia hapo. Siku moja dereva wa Yamauchi aliugua, na gari la bosi lilikuwa la kutoka nje lenye usukani wa kushoto, aina ambayo si kila Mjapani aliizoea. Yokoi alijua kuliendesha, akaombwa amfikishe bosi kwenye mkutano. Njiani, ili mazungumzo yasikauke, akamweleza habari ya mchezo wa ukubwa wa kikokotoo. Yamauchi hakuonyesha kuvutiwa sana. Kumbe mkutanoni alikaa karibu na mkuu wa Sharp, akamgusia jambo lile. Siku chache baadaye wakubwa wa Sharp wakafika Nintendo.

Sharp walikuwa na sababu ya kuharakisha. Kampuni hiyo ilitoa kikokotoo cha kioo cha kimiminika mwaka 1973, na tangu hapo ilikuwa katika vita vikali vya bei dhidi ya Casio. Vikokotoo vilijaa sokoni, bei ikaporomoka, faida ikayeyuka. Viwanda vya vioo vilikuwepo, uwezo wa kuzalisha ulikuwepo, kilichokosekana kilikuwa mteja mpya. Yokoi akawa ndiye mteja huyo.

Tarehe 28 Aprili 1980 kilitoka kifaa cha kwanza cha mfululizo ulioitwa Game & Watch. Kilikuwa mchezo mmoja wa kurusha na kudaka mipira, na ukiacha kucheza kinakuonyesha saa. Picha zake hazikuwa zinasogea kweli. Zilichorwa tayari ndani ya kioo, zikiwashwa na kuzimwa kwa zamu kama zinavyowashwa tarakimu za kikokotoo. Betri zake zilikuwa zile ndogo za saa ya mkononi. Hadi mfululizo huo ulipokoma mwaka 1991, vipande milioni 43.4 vilikuwa vimeuzwa, na mauzo ya miaka ya mwanzo yaliiwezesha Nintendo kulipa madeni yake.

MZIGO ULIOKWAMA NA KITUFE CHA MSALABA

Wakati huohuo tawi la Nintendo nchini Marekani lilikuwa katika shida ambayo wasomaji wetu wanaifahamu. Liliagiza mashine kubwa za mchezo wa Radar Scope, zile za kutumbukiza sarafu, na takriban 2,000 zikakosa wanunuzi. Mzigo ukakaa ghalani. Yamauchi akampa kijana mchoraji, Shigeru Miyamoto, kazi ya kubuni mchezo mpya utakaoingizwa ndani ya makabati yaleyale, na Yokoi akawekwa kuwa msimamizi wake. Mchezo huo, Donkey Kong wa mwaka 1981, uliuza mzigo wote na kuita mwingine. Mhusika wake aliyekuwa akiruka mapipa ndiye aliyekuja kujulikana kama Mario.

Mwaka uliofuata Yokoi alitaka kuuweka mchezo huo ndani ya Game & Watch ya kukunja yenye vioo viwili. Mchezaji alihitaji kwenda pande nne, lakini fimbo ya kuongozea haiwezi kukaa ndani ya kitu kinachofungwa na kutiwa mfukoni. Akabuni kitufe kimoja bapa chenye umbo la msalaba, ambacho kidole gumba kinakihisi bila macho kuangalia chini. Mwaka 1983 kitufe hicho kiliwekwa kwenye Famicom, mashine ya nyumbani ya Nintendo, na baada ya hapo karibu kila kampuni ya michezo ikatengeneza cha kwake. Shika leo kidhibiti chochote cha mashine ya michezo, kidole gumba cha kushoto kitagusa wazo la Yokoi.

Mwaka huohuo wa 1983 soko la michezo ya video la Marekani lilianguka. Maduka yalikuwa yamejaa kaseti ambazo hazikununuliwa, zikauzwa kwa hasara, na wenye maduka wakaapa kutogusa tena bidhaa hiyo. Nintendo ilipotaka kuingia huko mwaka 1985, kundi la Yokoi lilikuwa limetengeneza roboti mdogo wa plastiki aliyecheza pamoja na mtoto. Kwa michezo yenyewe roboti huyo hakuwa na faida kubwa, maana ni michezo miwili tu iliyomtumia. Kazi yake ilikuwa kwa mwenye duka. Sanduku lenye roboti lilionekana kuwa kichezeo, si mchezo wa video, na kwa sura hiyo likakubaliwa kuwekwa kwenye rafu.

GAME BOY: BETRI KABLA YA RANGI

Kazi kubwa kuliko zote ilitoka Japani tarehe 21 Aprili 1989. Game Boy ilikuwa tofali la kijivu lenye kioo cha kijani kibichi kilichofifia, nukta 160 kwa 144, na vivuli vinne tu vya rangi hiyohiyo moja. Haikuwa na taa ya ndani, kwa hiyo gizani haionekani. Ilitumia betri nne za AA, zile tunazotia kwenye saa za ukutani. Tofauti na Game & Watch, ilipokea kaseti, hivyo mtu alinunua kifaa mara moja na michezo kidogokidogo. Si haki kumpa Yokoi sifa zote, kwa kuwa Satoru Okada, mhandisi mkuu katika idara yake, alibeba sehemu kubwa ya kazi. Lakini uamuzi wa kuacha rangi ulikuwa wa tabia ya Yokoi.

Washindani walicheka. Mwaka huohuo Atari ilitoa Lynx yenye kioo cha rangi kinachowaka, ikafuatiwa na Game Gear ya Sega mwaka 1990. Kwa macho hazikuwa na mshindani. Lakini Lynx ilianza kuuzwa Marekani kwa karibu dola 180, na Game Gear dola 150, wakati Game Boy ilikuwa karibu dola 90. Kisha kulikuwa na betri. Lynx ilimaliza betri sita kwa saa nne au tano, na Game Gear haikuwa na nafuu. Game Boy ilikwenda saa 10, mara nyingi 15 na zaidi, kwa betri nne. Inasimuliwa kwamba Yokoi aliposikia kifaa cha mshindani kina rangi, alitulia. Alijua rangi hiyo italipiwa na mteja kila siku, dukani kwa muuza betri.

Kilichobaki kilikuwa mchezo wa kuuzia. Henk Rogers, mfanyabiashara aliyefuatilia haki za mchezo wa Tetris hadi Moscow, ambako mtaalamu wa kompyuta Alexey Pajitnov aliubuni mwaka 1984, aliishawishi Nintendo kwamba ikitaka kuuzia watoto peke yao, iweke Mario ndani ya sanduku, na ikitaka kuuzia watu wote, iweke Tetris. Kwa soko la Marekani iliwekwa Tetris. Game Boy ikaanza kuonekana kwenye mikoba ya akina mama na mifuko ya makoti ya watu wa ofisini, walewale ambao Yokoi aliwafikiria ndani ya treni.

Pamoja na toleo la rangi lililofuata mwaka 1998, Game Boy iliuza zaidi ya vipande milioni 118. Game Gear iliishia takriban milioni 10.

KIFAA KISICHOJUA MPAKA

Kwa msomaji wa gazeti hili kuna sifa moja ya Game Boy ambayo haisemwi sana. Mashine za nyumbani zilikuwa na mipaka. Kaseti ya Famicom ya Japani ina pini 60, ile ya toleo la Marekani na Ulaya ina 72, hazishikani bila kiunganishi. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, hivyo adapta ya huko ukiichomeka kwenye umeme wetu unaozidi volti 220 inaungua. Hata mawimbi ya runinga ya Japani hayakuwa ya mfumo wa runinga zetu.

Game Boy haikuhitaji runinga wala soketi, na kaseti zake hazikuwekewa kizuizi cha nchi. Kifaa kilichonunuliwa Osaka kinacheza kaseti iliyouzwa Ujerumani, na betri zake zinapatikana kwenye kibanda chochote. Mwaka 1993 mwanaanga wa Urusi, Aleksandr Serebrov, alikwenda nayo kituo cha Mir, huko juu kusiko na mpaka wa nchi yoyote. Kifaa hicho kilipigwa mnada mwaka 2011 kwa zaidi ya dola 1,200.

Kwetu Afrika Mashariki wengi hawakuiona Game Boy yenyewe. Waliona jamaa zake wa mbali: vifaa vya plastiki kutoka China vya kupanga matofali, makasha yake yakiahidi maelfu ya michezo ilhali ndani ni michache iliyorudiwarudiwa. Mchezo wake ulikuwa umeigwa kutoka Tetris, na kioo chake kilikuwa cha namna ya Game & Watch, picha zilizochorwa tayari zikiwashwa na kuzimwa. Waliovichezea miaka ya 1990 walikuwa wakila matunda ya mti ambao hawakumjua aliyeupanda.

MIWANI NYEKUNDU ILIYODODA

Baada ya ushindi huo Yokoi alipata wazo lililomponza. Kampuni ya Kimarekani, Reflection Technology, ilikuwa na kioo cha kutazama kwa jicho kilichotumia taa ndogo nyekundu. Yokoi aliona kwamba akimpa kila jicho picha yake, mchezaji ataona kina, vitu vya mbali na vya karibu, kama yuko ndani ya mchezo. Mashine hiyo, Virtual Boy, ilitoka Japani tarehe 21 Julai 1995 na Marekani mwezi uliofuata kwa karibu dola 180.

Hapa ndipo penye funzo gumu. Yokoi hakuwa ameiacha kanuni yake. Alichagua taa nyekundu kwa sababu ndizo zilizokuwa za bei nafuu na zenye kula umeme kidogo. Alichosahau ni yule abiria wa treni. Virtual Boy haikutosha mfukoni, na kwa kuwa haikuvaliwa kichwani, mtu alilazimika kuiweka mezani kwenye miguu yake na kuinamia. Wa pembeni hakuona kitu, hivyo haikuonyesheka dukani wala kwenye tangazo la runinga. Picha zilikuwa nyekundu kwenye giza tupu. Wengi waliumwa kichwa na shingo. Maelezo yake yalionya isitumiwe na watoto wa chini ya miaka saba, na michezo yenyewe iliweza kujisimamisha ili macho yapumzike.

Kioo cha Game Boy nacho kilikuwa kibovu, lakini kilimfuata mtu kwenye maisha yake. Virtual Boy ilimtaka mtu aache maisha yake aende kuinamia meza. Bei nafuu ya malighafi haikuweza kufidia hilo. Zilitengenezewa michezo 22 tu, zikauzwa takriban 770,000, na kabla ya mwaka kuisha Nintendo ikafunga ukurasa. Maduka yaliyobaki na mzigo yaliutoa kwa bei ya hasara.

KUONDOKA, NA AJALI YA BARABARANI

Yokoi hakuondoka siku hiyohiyo. Alikamilisha kwanza Game Boy Pocket, toleo jembamba lenye kioo kinachosomeka vizuri zaidi, lililotoka Julai 1996 na kutumia betri mbili tu za ukubwa wa zile za rimoti. Februari mwaka huohuo mchezo wa Pokémon ulikuwa umeanza kuuzwa Japani kwa ajili ya Game Boy, ukakipa uhai mpya kifaa ambacho wengi walidhani kimezeeka. Ndipo tarehe 15 Agosti 1996, baada ya miaka 31, akaaga.

Watu wengi walisema alifukuzwa na aibu ya Virtual Boy. Yeye mwenyewe alikana, akaeleza kwamba siku nyingi alikuwa na nia ya kujitegemea. Alifungua ofisi ndogo Kyoto aliyoiita Koto, akaanza kushirikiana na kampuni ya Bandai kutengeneza kifaa kipya cha mkononi. Alirudi palepale alipoanzia: kioo kisicho na rangi, bei ya chini, betri kidogo iwezekanavyo.

Hakukiona kikikamilika. Tarehe 4 Oktoba 1997 alikuwa abiria kwenye gari katika barabara kuu ya Hokuriku, mkoa wa Ishikawa. Gari hilo liligonga lori kwa nyuma. Yokoi akashuka kutazama madhara, na gari jingine lililokuwa likipita likamgonga. Majeraha hayo ndiyo yaliyomuua. Walio barabarani kila wiki wanajua jinsi hatari ya pili inavyowakuta watu waliokwisha kusalimika na ya kwanza.

Bandai walitoa kifaa hicho tarehe 4 Machi 1999 kwa jina la WonderSwan, kwa yen 4,800. Kilitumia betri moja tu ya AA, na betri hiyo moja ilikaa zaidi ya saa 30. Mchezo mmojawapo wa mwanzo wa kifaa hicho, wa kuunganisha mistari, uliitwa GunPey kwa heshima ya marehemu. Mwaka 2003 chama cha kimataifa cha watengenezaji wa michezo kilimtunuku tuzo ya kazi ya maisha yake yote.

VIFAA VYAKE MIKONONI MWA WAKUSANYAJI

Leo vifaa hivi ni bidhaa yenye soko lake. Mitaa ya Akihabara jijini Tokyo na Nipponbashi jijini Osaka ina maduka yanayouza mashine na kaseti za zamani, na wageni huondoka na masanduku. Kampuni ya Kimarekani ya Analogue ilitoa mwaka 2021 kifaa kipya cha gharama kubwa, kazi yake kuu ikiwa kucheza kaseti zilezile za Game Boy za mwaka 1989.

Wanaokusanya wanapenda Game Boy kwa sababu inatengenezeka. Mistari inayopotea kwenye kioo mara nyingi hurudi fundi akipasha moto taratibu, kwa pasi ya kulehemu, utepe unaoshikilia kioo. Chumvi iliyovuja kwenye betri za zamani husafishwa kwa siki, na meno ya kaseti kwa spiriti. Plastiki iliyogeuka njano huwa haina kasoro ya ndani. Wengine huondoa kioo cha asili na kuweka cha kisasa chenye mwanga. Kwa miaka mingi duka la Nintendo mjini New York lilionyesha Game Boy ya mwanajeshi wa Marekani iliyoungua kwenye vita vya Ghuba. Sura yake iliyeyuka, lakini ikaendelea kuchezesha Tetris.

Kwa mnunuzi wa jumla, mambo matatu ya kukagua. Kwanza, kaseti zinazohifadhi mchezo, kama Pokémon, zina betri ndogo bapa ndani. Baada ya miaka hufa na kupoteza kumbukumbu. Kaseti bado ni nzima, inahitaji betri mpya iliyolehemewa. Pili, kaseti bandia ni nyingi mno, hasa za Pokémon. Kaseti halisi kwa kawaida ina tarakimu zilizogandamizwa kwenye lebo bila wino, ina skrubu yenye kichwa cha pekee kisichofunguka kwa bisibisi ya kawaida, na jina la Nintendo limechapwa kwenye bodi ya ndani. Tatu, kasha na kijitabu chake visitupwe. Kifaa chenye kasha kamili huuzwa juu zaidi kuliko kifaa kitupu.

Na ile Virtual Boy iliyotolewa kwa bei ya hasara? Kwa kuwa chache ziliuzwa, na gundi ya ndani inayoshika vioo imeachia kwa nyingi kati ya hizo, nzima ni adimu, na wakusanyaji wanazisaka. Lakini hiyo si faida ambayo mwenye duka wa mwaka 1996 angeweza kuisubiri. Alikuwa na kodi ya kulipa mwezi ule. Yokoi mwenyewe aliuhukumu mzigo kwa namna hiyohiyo: mteja wa leo ana pesa kiasi gani, na kifaa kitakaa naye saa ngapi kabla hajarudi kununua betri.

Kwa hiyo likitokea tofali la kijivu lenye kitufe cha msalaba ndani ya mzigo wa mchanganyiko wa vitu vilivyotumika, lisiende kwenye rundo la vyuma chakavu. Fungua kifuniko cha betri, futa chumvi, tia betri nne, washa.